Swala akila mahindi yako, utamdai nani?

MSOMAJI mpendwa, leo hebu tuyaweke kando yale mazoea yetu ya kuwachukulia wanyama wa pori kama jambo la watalii na picha za kalenda. Jiulize swali hili moja: swala ni wa nani?

Mtoto wako wa shule ya msingi atakujibu upesi kwamba wanyama wa pori ni urithi wa taifa na kwamba ni mwiko kuwaua. Amefunzwa hivyo, na hakukosea. Lakini mwulize mkulima aliyerauka alfajiri akakuta nusu ekari ya mahindi imelimwa kwa meno, mabua yamelala chini na kinyesi cha punda milia kimetapakaa kati ya mistari. Huyo atakujibu kwa swali lake mwenyewe: ikiwa ni wa taifa, mbona wanakula kwangu peke yangu?

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Sisi tuishio mjini tunawapenda sana wanyama hawa, hasa kwa kuwa tunawaona Jumapili moja kwa mwaka, tena kupitia dirisha la gari. Mwenye kulala nao usiku kucha ana maneno mengine. Nia yangu leo si kukutaka uchague upande. Nataka tutazame pamoja mambo matatu ambayo aghalabu huzungumzwa kila moja kivyake, yaani sheria za uwindaji, makao ya wanyama na riziki ya mkulima. Mambo haya yamefungwa kwa kamba moja. Ukivuta hapa, kule kunakaza.

NYANDA ZILIZOGEUKA PLOTI

Mimi ni mkazi wa Kitengela, katika Kaunti ya Kajiado. Kama wewe ni miongoni mwa maelfu wanaopanda matatu hapa kila asubuhi kwenda kazini Nairobi, unapajua. Lakini huenda hujui kwamba mji wetu umekaa juu ya njia ya wanyama.

Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilitengwa mwaka wa 1946, na ndiyo iliyokuwa ya kwanza humu nchini. Ukubwa wake ni kilomita 117 za mraba tu. Kaskazini, mashariki na magharibi imezungushiwa ua, lakini upande wa kusini, kwenye Mto Mbagathi, iko wazi. Nayo iliachwa wazi kwa sababu. Mbuga hiyo peke yake haiwatoshi wanyama. Mvua inyeshapo, nyumbu na punda milia hutoka na kuenea katika nyanda za Athi na Kaputiei, zenye takriban kilomita 2,200 za mraba, kwa kuwa huko kuna nyasi fupi zenye madini yanayomfaa mama anayenyonyesha. Huko ndiko nyumbu walikozoea kuzalia. Kiangazi kikiingia, hurejea mbugani penye mabwawa na nyasi ndefu zilizobaki.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu wa nyanda hizi walihesabiwa kwa ndege, wakawa zaidi ya 25,000. Kufikia mwaka wa 2014 hawakufika 3,000.

Ni nani aliyewamaliza? Wengi wetu tutasema majangili, na kweli majangili wamo. Lakini kumbuka kwamba uwindaji ulikuwa umekwisha kupigwa marufuku kote nchini hesabu hizo zilipoanza kushuka. Lililotokea hapa ni kwamba ardhi ya jamii iligawanywa tangu miaka ya 1980, kila familia ikapata hatimiliki yake. Viwanda vikaja Athi River, hasa baada ya sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza bidhaa ng'ambo kupitishwa mwaka wa 1990. Wafanyakazi wakahitaji nyumba. Waliopata hatimiliki wakauza ekari, walionunua ekari wakazikata ploti za futi 50 kwa 100, na kila mwenye ploti akanunua seng'enge. Sensa ya mwaka wa 2019 ilipata watu zaidi ya 150,000 mjini Kitengela.

Hakuna hata mmoja kati ya watu hao aliyemtupia swala mshale. Kila mmoja alitaka mahali pa kulea wanawe. Lakini nyumbu haijui hatimiliki, na akifika penye nyaya tano hurudi nyuma, ajaribu kwingine, arudi tena, mpaka msimu wa kuzaa umpite.

MJOMBA NA PUNDA MILIA

Mjomba wangu, nduguye mama, alistaafu akanunua ekari kumi upande wa Isinya. Analima ekari tatu za mahindi na maharagwe, na saba zilizobaki ni malisho ya ng'ombe wachache na mbuzi. Mwaka uliopita punda milia walimmalizia mahindi yakiwa yamefika kiunoni. Baadaye walikuja pofu. Msomaji, pofu ni mkubwa kuliko swala wote. Dume aliyekomaa huzidi nusu tani, na pamoja na uzito huo huruka ua wa mita mbili kama mtoto anayeruka kamba.

"Mwanangu," aliniambia mjomba nilipomtembelea, "wewe uko gazetini, niulizie hao wakubwa. Mnyama huyu akila mahindi yangu, ni wa Serikali. Akifa katika shamba langu, kesi ni yangu. Sasa mimi nimebaki na nini?"

Kisha akanieleza shida yake. Alikuwa akikusanya pesa kutoka kwa watoto wake na wapwa wake ili azungushie ekari zote kumi ua wa seng'enge, na fungu langu alikuwa amekwisha kulipanga.

Jirani yake, mzee wa Kimaasai ambaye ardhi yake inapakana naye, alikuwa ameketi nasi akinywa chai. Hakumpinga. Alisema tu kwamba majirani wa upande wa pili wamekwisha kufunga, na kwamba kati ya mlima na barabara imesalia nafasi moja, nayo inapita kwa mjomba. "Ukifunga wewe," alisema, "punda milia hawatapita, na ng'ombe wangu pia hawatapita. Kiangazi tutaonana wapi?"

Usidhani mzee huyo anasema hivyo kwa kuwa wanyama hawamgharimu. Wanamgharimu kuliko mjomba. Ndama wa nyumbu hubeba virusi visivyomdhuru yeye mwenyewe, lakini ng'ombe akivipata hushikwa na homa kali, macho yakafanya ukungu, naye ni nadra apone. Kwa hiyo nyumbu wanapozaa, mfugaji hulazimika kuwahamisha ng'ombe wake kutoka kwenye nyasi bora za mwaka mzima na kumwachia mgeni. Tena panapopita swala, simba hufuata. Mwezi Juni mwaka wa 2012 simba sita waliuawa na wakazi wa Ilmasin, karibu na Kitengela, baada ya kuvamia mifugo. Jijini tulilaani kitendo hicho. Wachache waliuliza mbuzi waliokufa walikuwa wa nani, na ni karo ya nani iliyokwenda nao.

SHERIA INASEMAJE?

Sasa tuingie katika sheria, kwa maana hapa ndipo wengi huchanganyikiwa.

Zamani za ukoloni, aliyekuwa na bunduki na leseni aliitwa mwindaji. Aliyekuwa na upinde na njaa aliitwa jangili. Mnyama alikuwa yule yule. Baada ya uhuru leseni ziliendelea kutolewa, nchi ikiwa imegawanywa katika maeneo ya kuwindia, na baadhi ya ada zikiingia katika mabaraza ya wilaya. Ufisadi na ujangili ulipozidi, Serikali ilipiga marufuku uwindaji tarehe 19 Mei, 1977. Mwaka uliofuata biashara ya ngozi, pembe na vinyago vya wanyama ikafungwa vilevile.

Marufuku hayo yanaendelea hadi leo. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka wa 2013 imeyatia nguvu zaidi, kiasi kwamba hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo cha nyumbani ni kosa. Lakini sheria hiyo hiyo ina upande wa pili ambao mkulima anapaswa kuujua. Ilirudisha fidia ya mazao na mali, ambayo ilikuwa imeondolewa mwaka wa 1989. Mtu akiuawa na mnyama aliyetajwa katika orodha ya sheria hiyo, familia yake hustahili shilingi milioni 5. Mazao nayo hufidiwa kwa bei ya soko, iwapo mnyama aliyeyaharibu ametajwa, na iwapo mwenye shamba alichukua hatua zifaazo kujikinga. Pofu, punda milia na nyumbu wametajwa. Nyani hakutajwa, jambo ambalo limewatia uchungu wakulima wengi.

Maandishi ni mazuri. Shida ni mfuko. Madai yaliyolimbikizwa yamekuwa yakifikia mabilioni ya shilingi, na Serikali yenyewe imekiri hivyo mara kwa mara. Mjomba alipiga picha, akajaza fomu, akaipeleka alikoelekezwa, na hadi ninapoandika makala haya anangoja. Mahindi hayangoji. Watoto wake wamekula unga wa dukani mwaka mzima.

WENGINE WAMEFANYAJE?

Kuna Wakenya wanaosema dawa ni kufungua uwindaji. Hoja yao ni hii: mnyama akiwa na bei, mwenye ardhi atamtunza kama anavyomtunza ng'ombe. Na hupenda kutolea mfano Marekani.

Mfano huo una ukweli. Huko kuna mnyama anayefanana na swala wetu, mwenye pembe zenye matawi na mkia mweupe kwa chini. Kufikia mwaka wa 1900 alikuwa amewindwa kwa ajili ya masoko ya nyama na ngozi hadi wakabaki chini ya nusu milioni katika nchi nzima. Leo wanakisiwa kuwa milioni 30. Walifanyaje? Walipiga marufuku kuuza nyama yake sokoni. Waliweka misimu, leseni na idadi ambayo kila mwindaji anaruhusiwa. Na mwaka wa 1937 walipitisha sheria iliyoelekeza ushuru wa bunduki na risasi katika kuhifadhi wanyama na kununua makao yao. Mwindaji akawa ndiye mlipaji.

Lakini hata huko mkulima hajatulia. Mnyama amezidi, mbwa mwitu waliokuwa wakimpunguza wameondolewa katika sehemu nyingi, naye sasa anashinda katika mashamba ya soya na mahindi. Majimbo mengi huwapa wakulima vibali vya kumpiga risasi hata nje ya msimu. Ujerumani nako wana utaratibu wao. Anayekodisha haki ya kuwinda katika eneo fulani kwa kawaida hubeba pia mzigo wa kumlipa mkulima mazao yaliyoharibiwa na wanyama wa eneo hilo. Mimi utaratibu huu umenivutia, kwa sababu anayefaidi na anayelipa ni mtu mmoja.

Je, sisi tunaweza kuiga? Msomaji, tulijaribu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, Shirika la Wanyamapori, KWS, liliwaruhusu wenye ranchi katika Laikipia, Machakos, Kajiado na kwingineko kuvuna wanyama kwa kiasi. Hii haikuwa michezo ya wageni wenye kofia pana. Mwenye ranchi aliwahesabu wanyama wake, akapewa idadi anayoweza kuchinja kwa mwaka, na nyama ikauzwa jijini katika bucha na mikahawa yenye kibali. Kuna wasomaji wangu waliowahi kula punda milia na kongoni kwa njia halali kabisa miaka hiyo.

Mpango huo ulisimamishwa mwaka wa 2003. Tathmini ilionyesha kwamba usimamizi ulikuwa hafifu: hesabu zisizoaminika, idadi zilizopitwa, na faida iliyobaki kwa wenye ardhi kubwa huku wadogo wakiambulia patupu. Kubwa zaidi, nyama halali iligeuka blanketi la kufunikia nyama haramu. Uchunguzi wa nyama katika bucha za Nairobi uliotangazwa mwaka wa 2004 ulipata kwamba takriban robo ya vipande vilivyopimwa ni nyama ya porini, na vingine vilichanganywa. Kumbe baba anaweza kubeba kilo mbili za "ng'ombe" kwenda nyumbani akiwa hajui anachowalisha wanawe, wala kama daktari wa mifugo aliipima!

Mwishoni mwa mwaka huo wa 2004 Bunge lilipitisha mswada wa kuirekebisha sheria, ambao ungefungua tena mlango wa matumizi hayo na kuboresha fidia. Rais Mwai Kibaki alikataa kuutia sahihi baada ya makelele makubwa ya watetezi wa wanyama. Tangu hapo kila mara mjadala unapofufuliwa, pande mbili hurushiana maneno yale yale. Mmoja husema uwindaji utawamaliza, wa pili husema marufuku yamewamaliza.

Hesabu zinasema nini? Wataalamu waliochunguza takwimu za ndege za nyanda zote kame za Kenya walipata kwamba kati ya mwaka wa 1977 na 2016 wanyama wa pori walipungua kwa wastani wa asilimia 68. Yaani, katika kila kumi waliokuwapo mwaka wa marufuku, wamebaki kama watatu. Katika muda huo huo mbuzi na kondoo waliongezeka kwa zaidi ya asilimia 75. Sisemi kwamba marufuku ndiyo yaliyoleta hasara hiyo, kwa maana bila marufuku labda tungezungumzia sifuri. Ninachosema ni kwamba sheria iliifunga mikono ya mwenye bunduki lakini haikumgusa mwenye seng'enge. Na kwa mnyama anayehama kutafuta maji na nyasi, seng'enge na risasi humfikisha mahali pamoja.

KULIPIA NJIA

Basi kuna tumaini? Liko, na baadhi yake liko hapa hapa jirani.

Mwaka wa 2000 wapenzi wa Mbuga ya Nairobi walianzisha mpango mdogo wa kukodisha ardhi upande wa kusini wa mbuga. Mwenye ardhi alikubali mambo machache: asijenge ua, asilime wala kuchimba mawe, asiue wanyama, na aendelee kuchunga mifugo yake kama kawaida. Kwa hayo alilipwa takriban shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka. Waliobuni mpango huo walifikiria jambo moja la busara sana. Pesa hazikutolewa kwa mkupuo. Ziligawanywa mara tatu, wakati shule zinapofunguliwa. Mama akaweza kusema kwamba nyumbu amemlipia binti yake karo. Ni vigumu kumchukia mnyama anayelipa karo.

Kule Maasai Mara wenye ardhi nao wameunganisha vipande vyao wakaunda hifadhi za jamii, kama Olare Orok ya mwaka wa 2006 na Naboisho ya mwaka wa 2010, ambapo kampuni za hoteli huwalipa kila mwezi. Hifadhi kama hizo zimetambuliwa na sheria ya 2013, na zimeenea katika sehemu nyingi za nchi.

Lakini tusijidanganye. Shilingi 300 haiwezi kushindana na bei ya ploti, na ndiyo maana wengi katika nyanda za Kitengela waliuza. Nao utalii una kigeugeu chake. Ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja vya ndege mwaka wa 2020, hoteli za Mara zilikosa wageni, na malipo ya wenye ardhi yakapunguzwa. Ng'ombe hakupunguziwa nyasi, wala mtoto hakupunguziwa chakula. Kwa hiyo ni kosa kumtegemea mgeni peke yake amlipe Mkenya kwa kutunza kitu ambacho Wakenya wote wanasema ni chao.

Rai yangu ni hii. Ikiwa swala ni wa taifa, taifa limlipe mwenye shamba kabla ya swala kula, badala ya kumwahidi fidia baada ya hasara. Kulipia njia iliyo wazi kila muhula ni rahisi kukagua, kwa maana ua unaonekana hata kwa mbali. Kupima mabua yaliyoliwa ni kazi ya ubishi usiokwisha. Suala la uwindaji tunaweza kuendelea kulijadili bila pupa. Siku tutakapokuwa na hesabu za kuaminika na maafisa wa kutosha, huenda tukaamua lolote. Ardhi ikishafungwa yote hatutakuwa na cha kuwinda wala cha kuhifadhi.

TULIVYOAMUA KATIKA JAMAA

Nilimpa mjomba mchango wangu, lakini si kabla ya kikao kirefu ambacho mama alikisimamia na mume wangu akakiandikia kumbukumbu. Tulikubaliana kwamba ua uzungushiwe ekari tatu za mazao peke yake, uwe mrefu na imara, na ndani yake upandwe miti ya miiba ili baada ya miaka michache nyaya zisihitajike. Zizi la ng'ombe na mbuzi liimarishwe kwa usiku. Ekari saba za malisho zibaki wazi.

Mzee jirani naye aliahidi kwamba ng'ombe wake watakapopita watachungwa mbali na ua, na kwamba vijana wake watasaidia kukesha mahindi yanapokomaa. Mjomba hakuridhika kabisa. Alisema tumemfanya awe mlinzi wa mbuga asiyelipwa mshahara, na sikuwa na la kumjibu, kwa maana ni kweli. Alikubali kwa sababu hesabu ilimwonyesha kwamba ua wa ekari kumi ungemla pesa zaidi kuliko mahindi ya misimu kadhaa, na kwa sababu jirani ni jirani.

Kwa zizi tulifuata ubunifu wa kijana wa papa hapa, Richard Turere. Akiwa mtoto wa miaka kumi na mmoja hivi, akichunga ng'ombe wa babake kando ya Mbuga ya Nairobi, aligundua kwamba simba huogopa mwanga unaosogea. Alichukua betri kuukuu ya gari, kifaa cha kumetesha taa za pikipiki na kipande cha sola, akatengeneza taa zinazowaka na kuzimika kuzunguka zizi kana kwamba mtu anatembea na tochi. Simba waliacha kuja. Mwaka wa 2013 kijana huyo alialikwa Marekani kuueleza ulimwengu alichofanya. Enyi wanafunzi mnaosema sayansi haina kazi nje ya chumba cha mtihani, mna habari?

WEWE NA MIMI

Najua kuna msomaji anayesema, "Mimi sina shamba wala bunduki, mambo haya yananihusu nini?" Yanakuhusu kwa njia mbili zilizo wazi.

Ya kwanza ni nyama. Ukiuziwa kilo kwa bei ya chini kuliko soko zima, usishangilie. Uliza muhuri wa mkaguzi. Bucha inayouza nyama isiyo na muhuri inakuwekea familia yako hatarini, na huenda inamlipa mtega nyaya. Mtego wa waya hauchagui, hunasa swala, mbwa na ndama wa mtu.

Ya pili ni ardhi. Wengi wetu tuko katika vyama vya akiba, tunaweka kidogo kidogo tununue kipande Kajiado, Machakos au Laikipia. Hilo ni jambo jema na sikuambii uache. Lakini kabla hujatia sahihi, mwulize muuzaji maswali ambayo matangazo hayayajibu. Je, kaunti imepanga eneo hili liwe la makao, la kilimo au la malisho? Wanyama hupita hapa msimu gani? Maji ya kisima yatawatosha watu wangapi? Ukinunua ploti katikati ya njia ya pofu kisha ukapanda mahindi, mgogoro umeununua pamoja na hatimiliki. Kuna ardhi nyingine karibu na barabara na shule ambayo wanyama walikwisha kuiacha zamani, nayo itakufaa zaidi hata kwa usafiri wa watoto.

Nanyi wazazi, mtakapowapeleka watoto mbugani likizo hii, wafikisheni mpaka ule upande wa kusini, mwaonyeshe mto na nyanda zilizo ng'ambo yake. Waelezeni kwamba nyumbu wanaowaona wanategemea ardhi ya watu wasiowajua, wanaolima, wanaochunga na wanaodaiwa karo kama sisi. Kisha wasikieni watasema nani alipe. Watoto huwa na majibu, na nyumba yangu imeshapata matatu ambayo hayafanani.